Mbwa Aliyetuchunga

Yapo makosa ambayo mtu huyatenda kwa uzembe, na yapo mengine ambayo huyatenda kwa bidii. Kosa langu juu ya mbwa lilikuwa la aina hii ya pili. Nililitenda kwa muda wa mwaka mmoja na miezi saba, kila siku, bila kupumzika hata Jumapili.

Wakati huo nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, nikiishi Butimba pamoja na mke wangu katika nyumba ndogo iliyojibanza kati ya mawe mawili makubwa, moja likitukinga na upepo wa ziwa na la pili likituzuia kuliona ziwa lenyewe. Sote wawili tulizaliwa ng'ambo, upande wa Bukoba, na watoto wetu wawili walikuwa hukohuko katika shule za bweni. Mimi nililelewa na mapadri wa seminari, ambao walinifundisha Kilatini kabla hawajafikiria kunifundisha kuogelea, na kwa sababu hiyo hadi leo naweza kunyambua vitenzi vya lugha iliyokufa lakini siwezi kuelea katika maji yaliyo hai. Nayataja haya ili msomaji ajue mapema ni mtu wa namna gani aliyejitwika jukumu la kumwokoa mnyama.

Katika nyumba niliyokulia, mbwa alikuwa kiumbe wa nje, kama mvua. Tulijua yupo, tulikiri umuhimu wake, ila hatukumkaribisha sebuleni. Kwa hiyo sikuwa na mazoea na mbwa, wala sikuyatafuta. Yalinijia tu, katika msimu ule ambao viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimeanza kuchipuka ufukweni, na mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki baada ya minofu kuondolewa, yakawa yanaanikwa juu ya miamba kila mahali. Harufu ile iliwaita mbwa kutoka pembe zote za mji. Walifika kwa makundi, wakanenepa, wakaanza kuwabagua wapita njia. Hatimaye gari lenye vipaza sauti likapita mitaani likitangaza kwamba kuanzia Jumatatu kila mbwa atakayeonekana akizurura bila mwenyewe atapigwa risasi.

Jumamosi iliyotangulia Jumatatu hiyo, alasiri, nilikuwa nikirudi kutoka ufukweni. Kati ya mawe nikamwona mbwa mmoja ameketi peke yake. Rangi yake ilikuwa ya mchanga mkavu, sikio lake la kushoto limekatwa ncha, mguu wa nyuma una jeraha, na mbavu zake zingeweza kutumika kufundishia hesabu darasa la kwanza. Mambo mawili yalinishangaza. La kwanza, mbele yake palikuwa na kichwa kizima cha sangara, naye alikitazama kama mgeni aliyeandaliwa chakula asichokijua na ambaye malezi yake hayamruhusu kuuliza. La pili, shingoni alikuwa na ukanda wa ngozi ya ng'ombe, mgumu kama ubao, ulioning'inizwa kengele ndogo ya chuma. Kengele ilikuwa imejaa tope na haikulia.

Nikahitimisha, na katika neno hili ndimo kosa lilimoanzia, kwamba kuna mtu mwenye roho mbaya aliyemfunga mnyama yule kitu kile cha mateso, kisha akamtupa. Nikamchukua.

Mke wangu, ambaye wakati wote wa ndoa yetu ameniita Mwalimu, kwa heshima mbele ya wageni na kwa maana nyingine tukiwa wawili, alitukuta mlangoni.

"Huyo atalala wapi, Mwalimu?"

Nilimjibu kwamba atalala nje.

"Nje ya kwetu au nje ya jirani?"

Nilimweleza habari za Jumatatu na risasi. Alimtazama mbwa kwa muda, akaingia jikoni, akatoka na maji ya uvuguvugu, chumvi na kitambaa. Huo ndio utaratibu wake: huyasema ya kukataa kwa mdomo wakati mikono yake imekwisha kukubali. Yeye akamfunga mbwa mdomo kwa pindo la kitenge, mimi nikaukata ukanda wa ngozi kwa kisu cha jikoni, kazi iliyochukua karibu nusu saa. Kisha nikautupa ukanda pamoja na kengele yake katika shimo la choo, nikiwa na hisia kwamba nimemfungua mfungwa minyororo.

Nina tabia ya kuandika. Usiku si mwema kwangu mpaka niwe nimeandika mchana wake. Kwa hiyo mbwa naye alifunguliwa daftari la kurasa mia moja, na ndani yake niliandika kila kitu: siku aliyopatikana na hali yake, chanjo ya kichaa cha mbwa aliyochomwa na bwana mifugo (ambaye alishangaa kumwona mtu amemleta mbwa kwa hiari yake), uzito wake uliopimwa kwa mizani ya muuza mchele, na siku ya tisa, ambayo kwa mara ya kwanza alikubali kula samaki, akiwa amefumba macho. Badala ya ukanda aliouacha nilimnunulia mwingine katika marundo ya mitumba, ambayo miaka hiyo yalikuwa yameanza kuuvalisha mji mzima. Ulikuwa mkanda mwekundu wa mwanamke, wenye kifungo cha dhahabu ya kuigiza. Mke wangu alisema hakuna mtu katika nyumba hiyo aliyevaa vizuri kuliko mbwa, na alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Amri nilimfundisha kwa Kilatini. Sababu yangu ilikuwa ya kiusalama: mwizi yeyote angeweza kumwambia mbwa kwa Kiswahili akae chini, lakini sikumtarajia mwizi wa Butimba amwambie *sede*. Mbwa aliyajifunza maneno matatu, la kukaa, la kuja na la kungoja, kwa kasi iliyowapita wanafunzi wenzangu wote wa seminari. Mafanikio hayo yalinilevya kidogo.

Baada ya miezi miwili, jeraha likiwa limepona, alianza kazi. Sikumpa kazi hiyo, alijipa mwenyewe. Kwanza alikusanya kuku. Kila jioni aliwazunguka kuku wote wa mtaa, wa kwetu na wasio wa kwetu, akawaleta uani kwetu katika kundi moja lililobanana, akalala mbele yao. Tulitumia saa nzima kuwarudisha kwa wenyewe na kuomba radhi. Kisha akageukia watoto. Ikifika saa kumi na moja alikwenda kuwatafuta watoto wa jirani popote walipokuwa wakicheza, akawasukuma kwa pua mmoja mmoja hadi kwenye milango yao. Akina mama walimpenda kwa hilo, na mmoja aliniuliza kama naweza kumwazima kwa ajili ya mume wake.

Zamu ya wateja ilifuata. Ilikuwa miaka ambayo kila mtu aliuza kitu. Mishahara yetu ilitufikia ikiwa imechoka, na wakufunzi wenye shahada walifuga kuku wa mayai chini ya vitanda. Mke wangu aliweka meza mbele ya nyumba, akauza maandazi na mafuta ya taa. Mbwa aliwapokea wanunuzi kwa namna yake: hakubweka wala hakuuma, aliwazunguka tu kwa mbio za nusu duara mpaka wakajikuta wote wamebanana ukutani. Watu walisema foleni za miaka ya uhaba zimerudi, safari hii zikiwa zinasimamiwa na mbwa. Hata hivyo walinunua, kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kutoka.

Mimi nami alinichunga vilevile. Saa kumi alasiri alikuwa langoni mwa chuo. Nikisimama kuzungumza na mkufunzi mwenzangu aliniruhusu kwa muda ambao mtu hutumia kuulizia afya ya familia. Tukianza siasa, alinigusa shavu la mguu kwa pua, na tukiendelea, kwa jino. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nilifika nyumbani chai ikiwa ingali moto. Tukikaa mezani alilala kizingitini, lakini kwa sharti: ikiwa mmoja wetu yuko nje hakulala, alisimama wima, akitazama njia, mpaka tuwe wawili. Watoto walipokuja likizo tulikuwa wanne, naye akazoea wanne. Walipopanda meli kurudi shuleni alisimama pale mlangoni siku mbili. Siku ya pili mke wangu alitoka na kigoda, akaketi karibu naye, akamweleza kwa Kihaya, kwa urefu na kwa utulivu, tarehe ya kufunga shule. Sikumcheka. Mimi nilikuwa nimekwisha kumweleza asubuhi.

Msomaji yeyote aliyezaliwa Usukumani amekwisha kuelewa kilichokuwa kikiendelea, na pengine amekasirika. Mimi sikuelewa. Nilitoka kwenye migomba, na migomba haitembei. Usiku mtu huiacha shambani na asubuhi huikuta palepale. Nilimwona mnyama anakusanya viumbe wengine, nikaanza kutafuta sababu katika vitabu. Niliandika makala ya kurasa kumi na nne juu ya chimbuko la hisia ya ujamaa kwa wanyama wa mjini. Na kwa kuwa nilifundisha saikolojia ya elimu, nikamwingiza mbwa katika somo langu, kama mfano wa kiumbe aliyeteswa ambaye, kwa kupendwa, amegeuka kuwa mlezi.

Katika somo hilo, mwanachuo mmoja, kijana mpole aliyetoka Kisesa, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo mbwa ana sikio lililokatwa?"

Nilifurahi sana kupata msikilizaji makini. Nikamjibu kwamba ndiyo, la kushoto.

"Na akizunguka huanzia kulia?"

Nilikiri kwamba huanzia kulia. Aliandika kitu katika daftari lake, akanishukuru, akaketi. Nilimpa alama nzuri muhula ule.

Likizo ikaja, ikapita. Jumapili moja, tulipokuwa tumetoka kanisani, mzee mmoja mrefu alisimama mbele ya meza ya maandazi, amevaa kandambili za tairi, blanketi begani na fimbo mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Hapo tayari nilikuwa nimepoteza nusu ya kesi, ingawa sikujua kwamba kuna kesi, kwa maana ni vigumu mno kushindana na mtu uliyekwisha kumpa shikamoo. Tulimkaribisha ndani. Alikunywa vikombe viwili vya chai, akaulizia mvua za kwetu, akazisifu ndizi ambazo hakuwa amezila. Kisha akaweka kikombe chini kwa upole.

"Nimekuja kumwona mbwa wangu."

Mbwa wakati huo alikuwa mtaani kwa shughuli zake. Alipoingia uani na kuinusa harufu ya blanketi, alishuka hadi tumbo likagusa ardhi, akaja hivyo, akitambaa, mpaka miguuni pa mzee. Alikaa hapo muda mfupi, kichwa juu ya kandambili. Kisha akaruka, akakimbilia jikoni, akamsukuma mke wangu hadi sebuleni, akaja kunisogeza mimi pia, na tulipokuwa wote watatu tumebanana kwenye kochi moja, akalala mlangoni na kupumua kwa nguvu, kama mtu aliyemaliza hesabu iliyomsumbua muda mrefu.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nilisema kwamba tabia hiyo haithibitishi kitu, kwani mbwa huyu huheshimu wageni wote. Nilikuwa nataka jambo moja tu, na nililitaka kwa nguvu iliyonishangaza mwenyewe: kwamba jioni ile, na jioni zilizofuata, mbwa alale kizingitini kwangu. Nikapendekeza twende kwa balozi. Mzee alikubali kwa adabu, akaomba kwanza amalizie andazi lake.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mpimaji mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa umeingia, na baadhi ya majirani walikuwa wametangaza hadharani kwamba hawautambui tena ubalozi wake. Lakini walipogombana kuhusu mipaka au kuku, walimletea yeye, wakitanguliza maelezo kwamba wanakuja kama wananchi huru. Alasiri ile wananchi huru wote walikuwa wamejaa barazani kwake, kwa sababu habari ya kesi ya mbwa ilikuwa imetufikisha kabla hatujafika. Walitazamia jambo moja: mbwa asimamishwe katikati, kila mmoja amwite, waone atakwenda kwa nani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelitayarisha neno langu la Kilatini.

Balozi alikataa.

"Hapa si sarakasi," alisema. "Mbwa huenda kwa mwenye nyama. Mimi nilipima pamba miaka thelathini, na pamba haikuniambia ni ya nani. Aliniambia mwenye karatasi. Nani ana maandishi?"

Moyo wangu ulipanda. Nililiinua daftari langu la kurasa mia moja. Mzee alisema yeye hana maandishi, ana maneno. Akaombwa ayaseme.

Aliyasema kwa Kiswahili cha polepole, akisimama kidogo kila alipokosa neno. Alikuwa amewaswaga ng'ombe kuwaleta mnadani kwa ajili ya mahari ya mwanawe, mbwa akiwa nyuma yao kama kawaida. Ng'ombe walinunuliwa, wakapakiwa kwenye lori. Mbwa, ambaye hakuelewa kwamba ng'ombe wanaweza kuondoka bila yeye, alilikimbilia lori. Mzee alimtafuta siku tatu katika mji asioujua. Tangu hapo fisi walikuwa wamechukua ndama wawili. Alipoulizwa alama ya mbwa wake, hakutaja sikio. Alisema alimvika shingoni ukanda wa ngozi ya ng'ombe jike aliyelianzisha boma lake, ili kundi limtambue kuwa ni wao, na katika ukanda huo alitundika kengele ya chuma iliyofuliwa na kaka yake, ambaye sasa ni marehemu.

Balozi alinigeukia. "Mwalimu. Ulipomwokota alikuwa na kitu shingoni?"

Ukanda ule ulikuwa mahali ambapo hakuna mtu angekwenda kuutafuta. Walioujua walikuwa wawili, na mke wangu, aliyeketi upande wa wanawake, alikuwa akizitazama kucha zake. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza pia kusoma ukurasa ule na kuruka mstari mmoja, jambo ambalo wafasiri wakubwa wamelifanya katika vitabu vitakatifu. Nililifungua daftari nikiwa bado sijaamua. Lakini nilipoona mwandiko wangu mwenyewe, ulionyooka, wenye tarehe pembeni, niligundua kwamba sina uwezo wa kuusoma vibaya. Nikausoma kama ulivyo, kwa sauti:

"Shingoni ana ukanda wa ngozi ya ng'ombe na kengele ya chuma iliyojaa tope. Ni dhahiri kwamba alifungwa na katili mmoja asiyejulikana."

Hapo nikainua macho nikamtazama katili mwenyewe. Alikuwa akinisikiliza kwa heshima kubwa, mikono yake juu ya fimbo. Nikaendelea, kwa kuwa ukurasa ulikuwa haujaisha:

"Nimeukata kwa kisu cha jikoni, kwa idhini ya mke wangu, ambaye ametaka kujua kisu hicho kitakatia nini kesho."

Baraza lilicheka. Mzee aliuliza ukanda uko wapi. Nilimwambia. Aliinamisha kichwa, akasema neno ambalo sijalisahau.

"Kaka yangu alipenda mzaha. Angecheka na hili pia."

Balozi hakuwa na haja ya kutoa hukumu, ila aliitoa kwa sababu watu walikuwa wamekaa muda mrefu. Mbwa ni wa mzee. Mzee akaomba kusema tena. Alisema kwao mbwa hatoki katika nyumba iliyomlisha mikono ikiwa mitupu. Akiondoka hivyo hatashika kazi, atabaki akitazama nyuma. Ataniletea mbuzi jike. Nilikataa kwa hotuba ndefu, na balozi akaikatisha akisema kwamba hakuna aliyeniuliza mimi, mbuzi ni kwa ajili ya mbwa. (Aliletwa wiki ya pili, mweupe, mwenye tabia mbaya, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amezila kurasa nne za makala yangu juu ya hisia ya ujamaa. Sikuziandika upya.)

Mzee alilala kwetu usiku huo kama mgeni, na asubuhi ilikuwa ni wajibu kumsindikiza. Mgeni husindikizwa, hakuna mtu wa kwetu wala wa kwao ambaye angeliona hilo kuwa jambo la kujadiliwa. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na tai, daftari kwapani, kwa ajili ya kipindi cha saa nne, nikidhani nitawafikisha barabara kuu na kurudi. Mke wangu alifunga vizuri kitenge chake akatufuata, maandazi yakiwa bado katika karai.

Tulipofika barabarani tuliagana. Mzee alitangulia, mbwa akamfuata hatua ishirini, akageuka, akatuona tumesimama. Akarudi kwa mbio za nusu duara, akianzia kulia, akatusukuma. Tulicheka, tukatembea kidogo ili kumridhisha. Tukasimama tena, akarudi tena. Mara ya tatu alimshika mke wangu pindo la kitenge kwa meno na kulivuta kuelekea Kisesa, kwao mzee.

"Hawezi kuwaacha," mzee alisema. "Ninyi ni wa kundi. Atakwenda na kurudi mpaka achoke."

Niliuliza tufanye nini.

"Kaeni chini. Ng'ombe aliyelala hasukumwi. Amelala, anacheua, yupo salama. Atamwacha."

Mke wangu alitafuta jiwe kando ya barabara, akaketi, akajifunika kitenge magotini. Mbwa alimnusa mikono, akamzunguka mara moja, akamwacha. Yeye alikuwa akinitazama mimi, akingoja nami nikae.

Nilisema pale pana vumbi, nitakaa mbele kidogo penye nyasi. Penye nyasi palikuwa na siafu, au nilisema palikuwa nao. Tulipita Mkolani, na kuna kivuli kizuri pale, ila nilikumbuka swali nililotaka kumuuliza mzee kuhusu ndama. Alilijibu kwa ukamilifu, nami nikauliza lingine. Mbwa alikuwa mbele ya mzee, nyuma yangu, mbele tena, mkia umeinuka, mdomo wazi, akiwa katika furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo kwetu, kwa maana hatimaye kundi lilikuwa likitembea. Kipindi cha saa nne kilinipita nikiwa Buhongwa. Mzee hakuniharakisha. Alikuwa mtu aliyewahi kumtafuta mbwa siku tatu.

Tuliiacha barabara, tukafuata njia ya mashamba ya pamba. Hapo akasimama.

"Mwalimu," alisema, "keti sasa."

Niliketi kwenye nyasi, mgongo wima, miguu mbele, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mbwa alikuja, akanisukuma bega. Nilitulia. Akasukuma tena, akalia kidogo kooni.

"Hajaamini," mzee alisema. "Unakaa kama mtu wa ofisini. Lala."

Nikalala chali, tai yangu ikiwa kifuani na daftari chini ya kichwa. Wakati huohuo baiskeli ilipita njiani, na juu yake walikuwepo wanachuo wangu wawili ambao bila shaka nao hawakupaswa kuwa pale saa hiyo. Waliniamkia shikamoo bila kupunguza mwendo, nikaitikia marahaba kutoka ardhini. Hawakulizungumzia jambo hilo kamwe, wala mimi sikuwauliza walikuwa wakienda wapi.

Mbwa alinisimamia. Nilihisi pumzi yake usoni, yenye harufu ya samaki, ambayo mzee alikuwa amesema ng'ombe wake hawataipenda kwa wiki ya kwanza. Alininusa sikio, akanusa tai, akaweka pua shavuni pangu na kuiacha hapo. Nilijua maneno matatu ambayo lolote kati ya hayo angelitii, na moja lilikuwa la kungoja. Nilifumba macho. Mbali kidogo mzee alipiga mluzi, mfupi, wa sauti mbili.

Nilisikia miguu ya mbwa ikienda, ikasimama, ikaenda tena. Mluzi ulipigwa mara ya pili kutoka mbali zaidi. Nilibaki nimelala vilevile mpaka jua likanifikia usoni, kwa kuwa mzee alikuwa amenionya nisiinuke mapema, mbwa asije akageuka na kunihesabu upya.